Huduma ya Kufundisha Kiingereza Ng'ambo Wakati wa Likizo: Kutoka Kambi ya Wanafunzi hadi Darasa la Walimu

1. Utangulizi

Kila mwaka, kati ya mwezi wa Juni na Agosti, shule na vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani vinapofungwa kwa likizo ya kiangazi, vijana, walimu na wazee waliostaafu husafiri kwenda nchi nyingine ili kufundisha lugha ya Kiingereza kwa majuma machache bila kulipwa mshahara. Wengi wao hutumwa na makanisa, na wengi hupokewa na makanisa. Kwetu sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni. Majira hayo ndiyo kipupwe chetu, na sharika nyingi zenye uhusiano na makanisa rafiki ya ng'ambo zimekwisha kuwaandalia wageni wa namna hii chakula na malazi.

Hata hivyo, huduma hii haijatafakariwa sana na wanateolojia. Mara nyingi huhesabiwa kuwa jambo dogo la ukarimu, lisilo na haja ya kuchunguzwa. Mtazamo huo haufai, kwa sababu katika kufundisha lugha ya wenye nguvu kwa watu wasio na nguvu hiyo yamo maswali mazito: Nani amemwita mwalimu huyu? Anasimama mahali pa nani? Ataacha nini atakapoondoka? Na je, anafundisha lugha, au anatumia lugha kama chambo cha kuvulia watu?

Makala hii inakusudia kueleza jinsi huduma hii ilivyoanza, jinsi ilivyobadilika na sababu za mabadiliko hayo. Hoja yetu ni moja. Historia ya miaka zaidi ya 60 yaonyesha kwamba huduma hii huzaa matunda ya kudumu pale mwenyeji anapokuwa ndiye anayeita na kupanga, na mwalimu wa mahali hapo anapokuwa ndiye anayeimarishwa. Pale mgeni anaposimama mahali pa mwalimu mwenyeji, hata akiwa na upendo mwingi, matunda hunyauka mara tu ndege inapoondoka.

2. Chimbuko la Huduma Hii

Yafaa tukumbuke kwanza kwamba safari ya majuma machache kwa ajili ya huduma haikuwezekana zamani. Mmisionari aliyesafiri kwa meli alitumia majuma mengi njiani, na kwa hiyo alikuja kukaa miaka. Ndege za jeti za abiria zilianza kuvuka Bahari ya Atlantiki kwa ratiba ya kawaida mwezi Oktoba 1958. Tangu hapo mwanafunzi wa chuo kikuu aliweza kwenda bara jingine, kufanya kazi na kurudi kabla masomo hayajaanza.

Mwaka huohuo wa 1958 mambo mawili yalitokea. La kwanza lilikuwa Marekani. Mchungaji James H. Robinson, Mpresbiteri Mwafrika-Mmarekani aliyehudumu Harlem, New York, alituma Afrika makundi ya kwanza ya vijana wa shirika lake la Operation Crossroads Africa. Vijana hao walikuja wakati wa likizo ya kiangazi, wakafanya kazi za mikono bega kwa bega na vijana Waafrika. La pili lilikuwa Uingereza. Askofu Launcelot Fleming wa Portsmouth aliandika barua katika gazeti la Sunday Times juu ya vijana waliomaliza shule na waliokuwa wakingoja kuingia chuo kikuu. Kutokana na wito huo, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO, ambalo mwanzoni lilituma vijana hao ng'ambo kwa mwaka mmoja. Twaona basi kwamba tangu chimbuko lake jambo hili liliguswa na mikono ya watumishi wa Kanisa.

Tarehe 1 Machi 1961 Rais John F. Kennedy alitia sahihi amri ya kuanzisha Peace Corps. Mwezi Agosti mwaka huo kundi la kwanza, ambalo lilikuwa la walimu, lilifika Ghana. Kundi jingine la mwaka huohuo lilikuja Tanganyika, nalo lilikuwa na wapima na wahandisi. Tofauti hii inafundisha. Tanganyika iliyokuwa ikikaribia uhuru ilihitaji barabara, na watu wa barabara ndio waliokuja. Hapo mahitaji ya mwenyeji yalitangulia ujuzi wa mgeni.

Katika miaka iliyofuata Kiingereza kilizidi kuwa kazi kubwa ya wafanyakazi wa kujitolea. Sababu yake ni rahisi. Si kila kijana ajua kupima barabara au kuchimba kisima, lakini kila kijana wa Marekani au Uingereza huongea Kiingereza. Ilionekana kwamba aongeaye lugha aweza kuifundisha. Dhana hii ndiyo mzizi wa uzuri wa huduma hii na pia wa udhaifu wake. Uzuri ni kwamba ilifungua mlango kwa watu wa kawaida kuhudumu. Udhaifu ni kwamba ilisahau kuwa kujua lugha ni jambo moja na kuifundisha ni jambo jingine. Ni nani kati yetu awezaye, bila kujiandaa, kumweleza mgeni kwa nini twasema "mti umeanguka" lakini "mtoto ameanguka"? Sisi twasema sawasawa bila kufikiri, lakini mwalimu wa Kiswahili lazima ajue ngeli.

3. Sauti Mbili za Onyo

Haikuchukua muda mrefu kabla ya kusikika sauti za onyo, na sauti mbili zenye nguvu zilitoka ndani ya Kanisa.

Ya kwanza ni ya Ivan Illich, aliyekuwa padre wa Kanisa Katoliki na aliyefanya kazi Mexico. Mwezi Aprili 1968 alihutubia mkutano wa wanafunzi wa Amerika ya Kaskazini waliokuwa wakijiandaa kwenda vijiji vya Mexico wakati wa kiangazi. Badala ya kuwasifu, aliwaambia kwamba nia njema haitoshi. Aliwakumbusha kwamba wengi wao hawakuweza hata kuzungumza na wale waliotaka kuwasaidia, na kwa hiyo hawakuweza kujua kama wanasaidia au wanaumiza. Aliwashauri waende kama wanafunzi na wageni, wala si kama wafadhili.

Ya pili ilitoka kwetu. Mwaka 1971, akiwa Milwaukee, Marekani, Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki alitoa wito kwamba utumaji wa wamisionari na fedha usimamishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yapate kusimama kwa miguu yao. Mkutano wa Makanisa ya Afrika Yote uliofanyika Lusaka mwaka 1974 uliunga mkono wito huo. Gatu hakukataa udugu wala hakuichukia Injili. Aliuliza kama misaada isiyokoma haiwezi kuwafanya wapokeaji washindwe kujijua wenyewe.

Sauti hizi mbili hazikuizuia huduma ya likizo isiendelee. Lakini ziliacha maswali mawili ambayo kila mpango uliofuata ulilazimika kuyajibu kwa maneno au kwa matendo. Je, mgeni ana sikio la kumsikiliza mwenyeji? Na je, mwenyeji atasimama mwenyewe baada ya mgeni kuondoka? Tuangalie sasa mahali pawili ambapo maswali haya yalijibiwa kwa njia tofauti.

4. Ulaya ya Kati Baada ya Mwaka 1989

Chini ya utawala wa kikomunisti, Kirusi kilikuwa somo la lazima katika shule za Polandi na Chekoslovakia. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1989, ulazima huo uliondolewa, na wazazi wengi walitaka watoto wao wajifunze Kiingereza au Kijerumani. Walimu wa Kirusi walikuwa wengi, lakini wa Kiingereza walikuwa wachache. Pengo hili halikuwa la kubuniwa na wafadhili. Wenyeji wenyewe walilisema waziwazi.

Mwaka 1990 Peace Corps iliingia Polandi, Hungaria na Chekoslovakia, na kufundisha Kiingereza kulikuwa sehemu kubwa ya kazi yake. Mwaka 1991 Kosciuszko Foundation, shirika la Wamarekani wenye asili ya Polandi lililoanzishwa mwaka 1925, lilianza mpango wa kambi za kiangazi nchini Polandi kwa kushirikiana na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo na Tume ya Taifa ya UNESCO. Muundo wa kambi hizo ulikuja kuwa kielelezo kwa mipango mingine mingi. Wamarekani waliojitolea walijilipia nauli, na wenyeji walitoa malazi na chakula. Asubuhi ilikuwa ya masomo, na saa zilizobaki zilikuwa za nyimbo, michezo na matembezi. Madhehebu mbalimbali nayo yalianzisha kambi zao katika nchi hizo, na huko jioni ilitengwa kwa ajili ya mazungumzo juu ya imani.

Kanisa la Kilutheri la Slovakia lilichukua pia njia nyingine. Shule yake ya kale mjini Bratislava, Lyceum iliyoanzishwa mwaka 1606, ilifunguliwa upya mwaka 1991 ikiwa shule ya lugha mbili, Kislovakia na Kiingereza. Walimu kutoka Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani walikuja kufundisha humo. Lakini shule ilikuwa ya Kanisa la Slovakia, na mgeni alikuwa mwalimu mmojawapo katika nyumba ya mwenyeji.

Jambo lenye maana zaidi, hata hivyo, lilifanywa na serikali ya Polandi yenyewe. Kuanzia mwaka 1990 ilifungua vyuo vya miaka mitatu vya kufundishia walimu wa lugha za kigeni. Kambi zilitoa hamasa kwa majuma matatu, na vyuo vilitoa walimu kwa maisha yote. Kwa kadiri walimu wenyeji walivyoongezeka, haja ya wageni ilipungua. Peace Corps iliondoka Hungaria na Jamhuri ya Cheki mwaka 1997, Polandi mwaka 2001, na Slovakia mwaka 2002. Mwaka 2004 nchi hizi zote nne zilijiunga na Umoja wa Ulaya. Vyuo vile vya miaka mitatu navyo vilikwisha kufungwa kufikia mwaka 2015, kwa kuwa mafunzo ya walimu yalikuwa yamehamia vyuo vikuu.

Twapaswa kuliona jambo hili kuwa ushindi wala si hasara. Huduma iliyoanzishwa ili kuziba pengo imefanikiwa pengo linapozibwa. Mipango iliyoendelea baadaye katika nchi hizo ililazimika kutafuta sababu nyingine ya kuwapo, kama vile urafiki kati ya sharika, mazoezi ya mazungumzo, au huduma kwa watoto wa vijijini wasiofikiwa na fursa za mijini.

5. China: Mwenyeji Ndiye Anayealika

Huko China hali ilikuwa tofauti. Mitihani ya kuingia chuo kikuu ilirudishwa mwaka 1977 baada ya kusimamishwa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, na mageuzi ya uchumi yalianza mwaka 1978. Kiingereza kikawa lango la elimu ya juu. Lakini Kanisa la China, lililoshika kanuni ya kujitawala, kujitegemea na kujieneza lenyewe, halikutaka kurudia siku ambazo wageni waliliongoza.

Mwaka 1985 Wakristo wa China, wakiongozwa na Askofu K. H. Ting, walianzisha mjini Nanjing shirika la huduma za jamii liitwalo Amity Foundation. Mojawapo ya kazi zake za kwanza ilikuwa kuwapokea walimu wa lugha waliotumwa na makanisa ya ng'ambo. Utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa makini. Makanisa ya nje yalitafuta watu, lakini Amity ndiyo iliyoalika na kuamua mahali pa kuwapeleka. Wengi walipelekwa katika vyuo vya ualimu vya miji midogo, ambavyo wahitimu wake wangekwenda kufundisha shule za vijijini, wala si katika vyuo vikuu maarufu vya miji mikubwa.

Baadaye Amity iliongeza mpango wa majuma machache wakati wa kiangazi. Katika mpango huo makundi kutoka makanisa rafiki hayakuwafundisha watoto. Yaliwafundisha walimu wa Kiingereza wa shule za sekondari, hasa wale wa sehemu za mashambani. Walimu hao walijua sarufi vizuri, pengine kuliko wageni waliokuja kuwafundisha. Walichokosa ni nafasi ya kuongea, kusikia matamshi mbalimbali, na kuona njia za kufundisha zisizotegemea kukariri peke yake. Hapo mgeni alikuwa na kitu cha kutoa ambacho mwenyeji hakuwa nacho, na mwenyeji alikuwa na ujuzi ambao mgeni hakuwa nao. Walikutana kama watu wa kazi moja.

Mpango huu ulikuwa na mipaka yake. Kanuni za serikali za mwaka 1994 zilikataza wageni kuhubiri na kuvuta watu katika dini nchini humo. Walimu wa Amity walijulikana waziwazi kuwa Wakristo waliotumwa na makanisa, lakini waliingia wakikubali kwamba kazi yao ni kufundisha. Sheria juu ya mashirika ya nje iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2017 iliongeza masharti zaidi. Mwezi Januari 2020 Peace Corps, iliyokuwa China tangu mwaka 1993, ilitangaza kwamba inafunga kazi zake huko. Miezi michache baadaye mipaka ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19.

Mwaka huo ulizipima kazi zote za namna hii duniani. Mwezi Machi 2020 Peace Corps iliwaondoa wafanyakazi wake wote, wapatao 7,000, kutoka nchi 60 hivi. Darasa lililomtegemea mgeni lilibaki bila mwalimu katika muda wa siku chache. Mwalimu mwenyeji aliyekwisha kuimarishwa alibaki na wanafunzi wake.

6. Hesabu ya Saa na Watu

Pengine mtu atauliza kama tofauti kati ya kumfundisha mwanafunzi na kumwimarisha mwalimu ni kubwa kiasi hicho. Tuifanye hesabu.

Tuchukue mfano wa kambi ya majuma matatu, siku tano kwa juma, saa nne kwa siku. Jumla ni saa 60. Baraza la Ulaya liligawa ujuzi wa lugha katika ngazi sita mwaka 2001, na makadirio yanayotolewa na watahini wa Chuo Kikuu cha Cambridge ni kwamba kupanda ngazi moja huhitaji kati ya saa 150 na 200 za mafundisho. Kwa hiyo kambi nzima haifikishi hata nusu ya ngazi moja. Mwanafunzi atapata ujasiri wa kufungua kinywa, na ujasiri huo si kitu kidogo. Lakini asipopata mafundisho baada ya kambi, ataupoteza.

Sasa tuchukue saa zilezile 60 na kuwapa walimu 20. Ikiwa kila mmoja ana madarasa matatu ya wanafunzi 45, basi kila mwaka walimu hao huwafikia wanafunzi 2,700. Hata kama faida aliyoipata mwalimu ni ndogo, itarudiwa mwaka baada ya mwaka, tena na mtu anayejua lugha ya wanafunzi wake.

Jambo hili la mwisho ni kubwa kuliko linavyodhaniwa. Kiingereza hudai kijineno cha kutangulia jina ili kuonyesha kama kitu kinajulikana au hakijulikani. Kiswahili hakina kijineno hicho, wala Kipolandi, wala Kichina. Kiingereza hutenga kiwakilishi cha mwanamume na cha mwanamke. Sisi twasema "yeye" kwa wote wawili, na Wachina katika kuongea hutumia neno moja kwa wote. Mwalimu aliyezaliwa katika Kiingereza huona makosa haya kama uzembe. Mwalimu mwenyeji anajua yanatoka wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe alipita njia hiyo.

Aidha, yako mafundisho kutoka Kenya. Michael Kremer, mchumi wa Marekani, alifundisha shule ya sekondari magharibi mwa Kenya akiwa kijana, na mwaka 1986 alishiriki kuanzisha WorldTeach, shirika lililoanza kwa kupeleka walimu wa kujitolea nchini humo. Baadaye yeye na wenzake walichunguza shule za msingi za Busia zilizopewa vitabu vya kiada. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vitabu hivyo, vilivyoandikwa kwa Kiingereza, viliwafaa wale waliokuwa tayari wanafanya vizuri, lakini havikuinua wastani wa wengine. Kwa wengi wa watoto wale Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu. Mwaka 2019 Kremer alikuwa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa ajili ya uchunguzi wa namna hii. Fundisho lake kwetu ni kwamba msaada unaoanzia mahali alipo mtoaji huwafikia kwanza walio karibu naye. Walio mbali hubaki walipo.

7. Lugha na Injili

Twaja sasa kwenye swali la kiteolojia. Katika kambi nyingi zilizoendeshwa na makanisa, tangazo liliwaita watu kwenye Kiingereza, na mara walipofika wakapewa Biblia. Wataalamu wa ufundishaji wa lugha wamelijadili jambo hili kwa ukali. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992 juu ya ubeberu wa lugha, alionyesha jinsi Kiingereza kinavyoeneza nguvu za mataifa yenye lugha hiyo. Mwaka 2009 kilitolewa kitabu kilichohaririwa na Mary Shepard Wong na Suresh Canagarajah, ambamo walimu Wakristo na wakosoaji wao walijibizana. Shutuma kubwa ya wakosoaji haikuwa kwamba Mkristo ana imani. Ilikuwa kwamba anaificha mpaka mwanafunzi amekwisha kuingia.

Sisi Walutheri hatuwezi kulipuuza jambo hili. Martin Luther, katika waraka wake wa mwaka 1524 kwa madiwani wa miji ya Ujerumani, alitetea sana kufundishwa kwa lugha. Alizilinganisha na ala inayohifadhi upanga wa Roho. Lakini lugha alizozitetea hapo, hasa Kiebrania na Kigiriki, zilikuwa za kumwezesha msomaji kuyafikia Maandiko mwenyewe. Na alipotafsiri Agano Jipya, lililotolewa mwaka 1522, aliliweka katika lugha ya watu wake. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia katika lugha yake mwenyewe. Hakuna aliyetakiwa kujifunza kwanza lugha ya mitume.

Hali kadhalika Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha tano, lafundisha kwamba Roho Mtakatifu hutolewa kwa njia ya Neno na sakramenti, naye huamsha imani mahali na wakati apendapo Mungu. Ikiwa ndivyo, basi Injili haihitaji chambo. Mtu aliyekuja kutafuta Kiingereza apewe Kiingereza kizuri, kwa uaminifu, kama vile mgonjwa aliyekuja hospitali ya Kanisa anavyopewa dawa halisi. Hiyo ni diakonia kamili. Na kama kuna ibada jioni, itangazwe tangu mwanzo, na asiyependa kuhudhuria asipungukiwe na somo la asubuhi. Ushuhuda uliotangazwa mchana kweupe haumwaibishi mwalimu wala mwanafunzi. Ule unaofichwa ndani ya somo jingine humfanya mwanafunzi alitilie mashaka hata lile jema alilopewa.

8. Mambo ya Kuangaliwa na Sharika Zetu

Nchini Tanzania watoto wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha huingia sekondari ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Pengo hili ni la kweli, na kwa sababu hiyo makundi ya likizo yataendelea kualikwa. Mchungaji anayepokea barua ya kuomba kuleta kundi yafaa ajiulize yafuatayo kabla ya kujibu.

Kwanza, nani ameomba? Kama wazo limetoka kwa wageni peke yao, liletwe kwanza kwenye baraza la wazee na kwa walimu wa shule inayohusika. Mwalimu wa Kiingereza wa shule hiyo aulizwe anahitaji nini. Akisema anahitaji vitabu vya hadithi au mtu wa kuongea naye kwa majuma mawili, basi jibu hilo ndilo mpango.

Pili, mgeni ana maandalizi gani? Cheti cha kawaida cha Cambridge cha kufundisha Kiingereza kwa watu wazima huhitaji saa zisizopungua 120 za kozi, zikiwamo saa sita za kufundisha chini ya usimamizi. Hatuwezi kudai cheti kwa kila mgeni, lakini asiye na maandalizi awekwe kuwa msaidizi wa mwalimu mwenyeji, wala asiachiwe darasa.

Tatu, usalama wa watoto na sheria za nchi. Anayekuja kukaa na watoto alete uthibitisho wa tabia kutoka mamlaka za kwao, wala asiachwe peke yake na mtoto. Aidha, afanyaye kazi ya kujitolea si mtalii mbele ya sheria. Kibali kinachohusika kishughulikiwe mapema na ofisi ya dayosisi.

Nne, je, mgeni atajifunza? Wamisionari waliokuja kukaa walipelekwa kwanza kujifunza Kiswahili, kama huko Makoko, Musoma, au Morogoro. Mgeni wa majuma matatu hawezi kufanya hivyo, lakini aweza kutengewa saa moja kila siku ya kufundishwa Kiswahili na wale wale anaowafundisha. Anayeshindwa kutamka neno jioni atakuwa mpole asubuhi kwa wanaoshindwa kutamka lake. Vilevile watoto watamwona mwalimu wao akiwa mwanafunzi.

Tano, nini kitabaki? Kabla ya kundi kuondoka, mwalimu mwenyeji na kiongozi wa kundi waandike pamoja yale yatakayoendelezwa na nani atayaendeleza. Kama hakuna cha kuandika, kundi la mwaka ujao lisialikwe mpaka kipatikane.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba huduma hii ilianzia katika wakati wa ndege za jeti na katika hamu njema ya vijana, ikaonywa na Illich na Gatu, ikapata kazi kubwa Ulaya ya Kati baada ya 1989, na ikapata nidhamu nchini China chini ya wenyeji walioshika usukani. Katika safari hiyo mwalimu mgeni amesogea hatua kwa hatua kutoka mbele ya darasa mpaka kando yake, na mahali pake pa mbele pamechukuliwa na mwalimu mwenyeji. Yohana Mbatizaji aliyakubali kwa furaha mapungufu ya namna hiyo, na mtumishi wa Kanisa hapaswi kuyaonea huzuni.

Kwa hiyo, watumishi wenzangu na ninyi mnaojiandaa kwa utumishi, tusiwakatae ndugu wanaotaka kuja, wala tusiwapokee bila kufikiri. Wahenga walisema mgeni siku ya kwanza na ya pili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ni letu kulitoa. Tunao wajibu wa kumwonyesha mgeni shamba ni lipi, mpaka uko wapi, na ni nani atakayevuna yeye akiwa amekwisha kurudi kwao.